Chupa ya Kahawa

Bi Ghaniya ameosha maiti miaka arubaini,
kwanza Mkanyageni, halafu hapa Sib,
na Ijumaa hii, namtolea tende kokwa,
ananiuliza bila kuinua macho:
"Hao mnaowafunza huko kazini kwenu,
mmoja akitoka nje bila ile nguo yake,
hupasuka?"

Kazi yangu ni chumba cha chuma, kule Ghala:
mlango mnene, pampu, saa ya ukutani,
na bilauri ya maji ndani, peke yake.
Nafyonza hewa kidogo kidogo.
Vijana wanabandika paji za uso kwenye kioo
wakitazama maji yakichemka bila moto.
Jana Mundhir, yule wa Sur, alicheka.
Nilipofungua akatia kidole.
"Mbona baridi?"
Akaacha kucheka.

Hapasuki, Bibi.
Ngozi ni fundi kuliko tunavyoisifu.
Huvimba, naam, kama unga uliokolea hamira,
karibu mara mbili ya alivyokuwa,
maana maji yaliyomo nyamani
yanataka kuwa mvuke, yanatafuta mlango,
lakini mshono haufumuki.
Kinachoua upesi ni pumzi.
Aliyeibana, mapafu humchanika.
Vijana nawaambia: toeni.
Toeni yote, kama mtu aliyeshindwa kesi
na hana tena la kusema.

Mate huchemka ulimini.
Machozi nayo huchemka yakiwa baridi,
yakapaa, jicho likabaki kavu, wazi.
Akiita, sauti haina cha kupanda.
Ana sekunde kumi, pengine kumi na tano,
kisha damu iliyokosa hewa inafika kichwani
na taa inazimwa.

"Kumi na tano."
Bibi anazihesabu kwa pingili za vidole,
midomo yake ikicheza.
"Shahada inatosha. Kimoyomoyo.
Hata ukiivuta."

Nikamwambia: akiwahiwa,
akarudishwa ndani kabla ya dakika moja na nusu,
huenda akaamka, akaomba maji.
"Na asipowahiwa? Huganda papo hapo?"

Nikainua chupa ya kahawa,
ile nyekundu ya maua, iliyobonyea
siku ya arusi ya Zamzam.
Bibi, huko kumo humu.
Kati ya kioo na kioo hamna kitu,
na hicho kisicho kitu
ndicho kilichoshika moto tangu alfajiri.
Nje kule hakuna upepo
wa kumnyang'anya mtu joto lake.
Hupoa kwa saa nyingi, taratibu,
kama hii.

Akaitazama chupa
kama jirani wa siku zote
aliyegundulika ana nyumba nyingine mbali.
Akamimina. Iliki ikapanda.
Kahawa bado ilikuwa moto.

Ndipo akauliza lile
ambalo chuoni hawakunifunza:

"Sasa nani atamwosha?
Maji, umesema, yatapaa.
Mchanga wa kutayamamu hamna.
Na kibla,
atalazwa upande upi,
na dunia yote iko chini yake?"

Nilikuwa na vipimo vyote vya kanieneo.
Jibu sikuwa nalo.
Nje, kiyoyozi kilidondosha maji ndooni,
tone, tone,
maji yanayotii, yanayokaa yalipowekwa,
kwa kuwa juu yake imelala hewa ya Agosti,
hii nzito, ya jasho,
tunayoilaani kutwa.

"Lete mkono," akasema.
Akanishika kama anavyowashika wao,
kulia kwanza,
toka ncha za vidole mpaka kiwikoni,
akibonyeza, akiachia,
akingoja ngozi irudi.
Ikarudi.

"Imeshonwa vizuri," akasema,
akanituma nikafunge kizibo cha chupa.